Mtu Aliyeruka Badala ya Steringi

1.

TANGAZO KWA WAKAZI WA MTAA
(limebandikwa kwenye geti la ofisi ya mtaa, Kariakoo)

Mnaarifiwa kwamba Jumamosi asubuhi kampuni ya Kishindo Filamu itapiga picha za muvi ya mapigano kwenye jengo la ghorofa nne lililo mkabala na maduka ya vitambaa. Milio ya risasi itakayosikika si ya kweli. Moshi utakaoonekana si wa moto. Mtu atakayeanguka kutoka juu ni mwigizaji, na ameandaliwa pa kuangukia. Wananchi mnaombwa msipige simu polisi, msivuke kamba, na kwa hali yoyote ile

msikimbilie kusaidia.

2. Nyamizi, mke wake

Mume wangu Mikidadi hukuwahi kumwona sura. Umemwona mgongo. Kama umeangalia muvi za hapa Dar, steringi anaruka ghorofa hadi ghorofa, anapita katikati ya kioo, anaburutwa na pikipiki, basi ule mgongo ni wa mume wangu. Sura ni ya Evarist, yule wa kwenye mabango. Walishonewa mashati sawa, wakanyolewa sawa.

Nilikuwa namuuliza, "Huogopi?"

"Naogopa nini, Nyamizi? Kazi ni kazi."

Miaka yote ya ndoa yetu alinijibu hivyohivyo, mimi nikimkanda mabega kwa maji ya moto.

3. Kutoka kwenye muswada wa muvi

SINI YA AROBAINI. NJE. JUU YA PAA. MCHANA.
Komando amezingirwa na maadui. Risasi zimemwishia. Anatazama chini: jiji zima. Anaruka. Anaanguka. Vumbi. Kimya.
Anainuka.

4. Sauti za barabarani

"Yule pale! Wa shati jekundu!"

"Ndiye Evarist mwenyewe?"

"Evarist gani! Evarist yuko ndani ya gari, anakula hindi."

"Sogea basi na mimi nione."

"Anaruka, anaruka, ana"

Makofi.



Makofi.

5. Bi Chausiku, muuza mihogo

Nauza mihogo ya kukaanga ng'ambo ya barabara. Nilimwona anavyotua. Mguu mmoja tu ndio uliogusa magodoro. Mwili wote uliobaki ulikwenda kwenye zege. Watu wanapiga makofi, wanapiga miluzi, simu zote ziko juu. Mimi nautazama mkono wake. Kiganja kinafumba, kinafumbua. Kinafumba, kinafumbua. Kama mtu anayeita.

Nikainuka. Kijana wa kampuni akaniambia, "Mama, kaa, utatuharibia picha."

Nikakaa.

Wewe ungefanyaje? Tangazo nilikuwa nimesomewa.

Mkono ukaacha. Hapo ndipo mwongozaji, Dachi wanamwita, akapiga kelele "Kata!", akatupa vile vya masikioni, akakimbia. Makofi yalikuwa bado hayajaisha.

6. Evarist, steringi

Waliniita tena baada ya maziko. Shati lilikuwa jipya. La kwake lilichanwa hospitali. Dachi akaniambia nilale palepale alipoangukia Mikidadi, halafu niinuke, nikung'ute vumbi, nikimbie.

Nililala. Zege lilikuwa na joto.

"Ekshen!"

Sikuinuka.

"Evarist. Ekshen!"

Niliinuka mara ya tatu. Wakanisifu, wakasema safari hii uso wangu ulikuwa na uchungu wa kweli. Uchungu wa

7. Magomeni, sebuleni kwa Nyamizi. Dachi amekuja na kompyuta yake ndogo.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa. Karibu, kaa."

"Muvi imekamilika. Wenzangu wengine wanataka ule mruko tuutoe. Mimi naona ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Ila siwezi kuamua peke yangu. Ukisema tuutoe, tunautoa leo."

"Anaonekana akigonga chini?"

"Hapana. Anaruka, tunakata, Evarist anainuka."

"Kwa hiyo kwenye muvi hafi."

"Hafi, shemeji."

Nyamizi akasema, "Nionyeshe. Siyo hiyo mliyoikata. Ile yenyewe, tangu alipopanda."

Dachi akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. Akafungua kompyuta.

8. Kilichomo kwenye kamera kabla ya mruko

Mikidadi anafuta ukingo wa paa kwa kitambaa. Alfajiri kulinyesha.

SAUTI YA DACHI: Vipi hapo?

MIKIDADI: Bado panateleza kidogo.

SAUTI YA DACHI: Tusubiri jua?

Mikidadi anachungulia chini. Watu wamejaa barabara nzima. Wanampungia. Naye anawapungia.

MIKIDADI: Wamesimama tangu asubuhi hawa. Twende tu.

SAUTI YA DACHI: Una uhakika?

Anajipangusa viganja kwenye suruali. Anajipangusa tena. Midomo inacheza: anasoma dua.

9. Nyamizi

Kumbe alikuwa anaogopa.

Nilitaka kumchukia Dachi, ningepumua. Lakini nimesikia kwa masikio yangu, Mikidadi aliulizwa. Sasa nimkasirikie nani, maiti? Ndiyo, nimemkasirikia. Nachuja chai huku nagombana naye: wale watu wangeondoka zao, Mikidadi. Wangenung'unika kidogo, wakarudi madukani kwao. Wewe ungeshuka kwa ngazi

ungeshuka kwa ngazi

ungeshu

10. Nyamizi tena, siku hiyohiyo

Dachi nimemwambia aniachie kompyuta, jibu nitampa kesho.

Binti yetu Siwema amerudi kutoka shule, hata begi hajavua.

"Mama, kina Zamda wanasema baba yuko kwenye muvi, anaruka. Kweli?"

"Kweli."

"Nataka kumwona."

Nimempakata, na utu uzima wake wa darasa la pili. Ananukia chaki na jasho. Nimefungua kompyuta. Baba yake yuko juu ya paa, sura nzima, mbele yake hakuna mtu.

"Anaongea na nani?"

"Anaomba dua."

"Ana ndevu," anasema Siwema, anacheka. "Nilishasahau."

Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kusimamisha. Mikidadi anapangusa viganja. Anavuta pumzi. Anaanza kukimbia, hatua moja, hatua ya pili, na mimi

nimebonyeza.

Amesimama hapo, ukingo uko mbele yake, shati limejaa upepo.

Siwema hakugeuka kunitazama. Amegusa kioo kwa kidole, penye shavu la baba yake.

"Halafu?"