Kahawa ya Wadha na Buibui Wake

Mume wangu Abu Jarid ana kasoro moja kubwa: mbele za watu hawezi kusema hapana. Nyumbani anaiweza vizuri sana.

Siku ile alijaza hema wageni ili wasikie kwamba kile kilima cha mchanga, urithi wa baba yake, kingeanza kuchimbwa kesho yake na kuuzwa kwa wajenzi wa hoteli kule Aqaba. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nikikanda unga na kuwaza rangi ya jiko langu. Mchanga ule ndio ungenijengea nyumba ya matofali. Nimechoka kukimbiza hema kila upepo ukivuma.

Akaingia upande wa wanaume binamu yake wa kike, Wadha, mwalimu wa chuo, mjane anayeshinda kilimani amelala kifudifudi akichungulia buibui. Buibui wenyewe wakubwa kama kiganja, wanaishi shimoni na kujifungia kwa kifuniko cha mchanga. Anasema wapo kwenye vilima vya bonde letu tu, na vilima karibu vyote vimeliwa na malori.

Akapewa kahawa. Akaiweka chini, hakuigusa. Wazee wakamgeukia, maana kwetu mgeni akifanya hivyo ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Kunywa, binamu," akasema Abu Jarid, kifua mbele. "Haja yako umeshaipata."

"Hujaisikia bado."

"Hata ukitaka ngamia wangu mweupe. Kunywa tu, inapoa."

Nilikohoa nyuma ya pazia mpaka kifua kikauma.

"Umm Jarid, kanywe maji," akasema mume wangu, yule punguani.

Wadha akamaliza kikombe. "Nataka kilima. Usikichimbe wewe, wala wanao."

Mzee mmoja akacheka. "Kwa ajili ya mdudu?"

"Mdudu huyo alikuwepo kabla ya babu yako, ami, na hajawahi kukuomba sukari."

Abu Jarid aligeuka akatazama pazia. Ningepiga kelele moja tu, watu wangesema mke ndiye kakataa, naye angetoka salama.

Nyumba ile niliitaka mno. Nilimchukia Wadha na miguu yote ya buibui wake. Lakini kulala ndani ya matofali na mwanamume aliyevunja neno lake, hilo lilinishinda.

"Mwongeze mgeni kahawa," nikasema. "Na kesho, Abu Jarid, kaninunulie kamba mpya za hema."