Mikono Mitatu ya Rangi

Trekta la Bibi Enid lilikataa kuwaka Alhamisi asubuhi, na kufikia saa ya chai nilikuwa nimeshahukumiwa.

Ushahidi ulikuwa mzito. Kwanza, nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni jana yake. Pili, mwaka uliopita mtu fulani alizichezea nyaya za pikapu ya jirani yetu Merv Tuckett hadi honi ikawa inalia kila anapokanyaga breki. Merv aliingia uwanja wa kanisa akipiga honi kama bwana harusi. Mtu huyo hajatajwa rasmi hadi leo, ila siku ile familia nzima iligeuka kunitazama.

"Imogen," alisema Bibi, "sema umelifanya nini trekta langu, la sivyo Jumamosi utavaa aproni ugawe skonzi kwenye banda la akina mama mpaka jua lizame."

"Bibi, naapa, safari hii sijagusa kitu."

"Safari hii!" Mjomba Clem alimwambia mbwa. "Umemsikia? Safari hii."

Jumamosi ilikuwa siku ya maonyesho ya Kerrabin. Hapo kila mwaka matrekta ya kale hupangwa uwanjani yakiwa yamezimwa, na kila mwenye lake hupanda na kuliwasha mwenyewe kwa ufunguo, watu wote wakitazama. Likikataa, hufungwa mnyororo nyuma ya trekta la mshindani na kuburutwa kuuzunguka uwanja, huku mtangazaji akilisoma jina la mwenyewe polepole kama tangazo la msiba. Bibi alikuwa amemburuta Merv miaka miwili mfululizo. Picha ziko jikoni, juu ya birika, mahali ambapo Merv akija kunywa chai hawezi kukwepa kuziona.

Kwa ajili ya mwaka wa tatu, Bibi alilifungua trekta lote nilipokuwa shuleni, akalikwangua kutu na kulipiga mikono mitatu ya rangi ya buluu, bolti kwa bolti. Ling'ae, alisema, hadi Merv ajione usoni akiwa anaburutwa. Mimi nilikuwa nimeahidiwa nafasi kwenye madigadi, na heshima ya kuushika mnyororo.

Sasa lilikuwa linasema *tak*. Taa zinawaka vizuri, unazungusha ufunguo, taa zinafifia, *tak*, kimya.

"Betri," alisema Mjomba Clem, ambaye kwake kila ugonjwa ni betri. Akaleta ya lori, nzima kabisa. *Tak*. Akasafisha vichwa vya betri. *Tak*. Akaipiga stata, ile mota ya kuiwashia injini, kwa nyundo, tiba ambayo ukoo wetu umeitumia tangu enzi za babu kwa mashine na, mara moja, kwa redio. *Tak*.

"Basi stata imekufa," alisema.

Tukaifungua, tukaiweka mezani, tukaiunganisha moja kwa moja na betri kwa nyaya nene. Ilizunguka kwa nguvu, ikaruka kutoka mezani na kumkosa mbwa kidogo tu. Hakuna maiti inayoruka hivyo. Tukairudisha kwenye trekta.

*Tak*.

Hapo ndipo Merv alipotokea mlangoni akiwa na mnyororo begani.

"Habari za mgonjwa, Enid? Nimeuleta uupime. Usije ukawa mfupi."

"Toka kwenye banda langu, Merv."

"Mwaka huu na mimi nimepaka. Nyekundu! Mikono minne, kila bolti, kila kona. Sijaliwasha tangu nimalize, lisinichafulie bomba la moshi." Akanigeukia. "Na wewe binti, ukilisogelea langu nitakufunga mnyororo wewe."

"Mzee Merv, mimi ni mwanafunzi mpole."

Walicheka wote wawili, maadui hao, kwa pamoja. Nilikiona hicho kuwa kitu cha kusikitisha.

Alipoondoka nilikaa juu ya gurudumu nikafikiri, kazi ambayo walimu wangu wanadai sijawahi kuifanya. Mwalimu wetu wa fizikia, Bi Pascoe, ana wimbo mmoja tu: umeme unaotoka lazima upate njia ya kurudi. Kule mezani, stata ilirudisha umeme kwa waya tulioushika wenyewe. Hapa kwenye trekta, unarudi kupitia wapi?

"Mjomba, nipe testa ya volti. Halafu zungusha ufunguo."

Nikagusisha ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye bolti ya injini niliyoikwangua hadi chuma kikaonekana. Pale katikati pana mkanda mmoja tu wa waya, kwa hiyo testa ilitakiwa isome karibu na sifuri.

*Tak*. Ilisoma tisa.

"Volti tisa zimekwama njiani," nilisema. "Taa zinaridhika na tone, ndiyo maana zinawaka. Stata inataka mto."

Nikafuata mkanda ule hadi ulipofungwa kwenye mwili wa trekta. Nikafungua bolti. Chini yake palikuwa na buluu. Buluu safi, nene, inayong'aa, isiyo na mkwaruzo hata mmoja, na rangi haipitishi umeme. Chuma kilikuwa kimelala ndani yake kama mtoto kwenye blanketi.

Mjomba Clem alisafisha koo. "Mama, hapa alipaka nani?"

Bibi aliutazama ukuta kwa muda, kana kwamba ulikuwa na habari mpya.

"Bolti kwa bolti, ulisema," nilimkumbusha kwa unyenyekevu.

"Lete msasa," alisema Bibi, "na unyamaze."

Nilisugua hadi chuma kikang'aa, nikakaza bolti. Bibi akapanda, akazungusha ufunguo. Trekta likakohoa, likatoa wingu jeusi lililowafukuza kasuku wote paani, kisha likaanza kunguruma. Mjomba alimwinua mbwa wakacheza. Bibi alipiga honi hadi ng'ombe wakaja kuona.

"Mahakama ilikosea," alitangaza kutoka juu. "Skonzi nitagawa mimi."

Jumamosi trekta letu liliwaka mara moja, uwanja ukashangilia. Ikafika zamu ya Merv. Jekundu lake, lililoshushwa kwa winchi kutoka kwenye lori, lilikuwa linametameta kama pipi. Akaketi, akapunga kofia, akazungusha ufunguo.

*Tak*.

"Imogen!" alinguruma. "Umefanya nini?"

"Sijagusa, Mzee Merv!" Na kwa mara ya pili wiki hiyo, jambo la kutisha, nilikuwa nasema kweli.

Bibi aliinama kutoka kitini. "Unaujua ugonjwa wake?"

"Naujua, Bibi."

"Na dawa?"

Nilimwonyesha kipande cha msasa mfukoni. "Dakika tano tu."

Bibi alimtazama Merv. Alimtazama mtangazaji, ambaye tayari alikuwa amekisogeza kipaza sauti mdomoni. Bibi alikuwa na uso wa mtu anayepigana na dhamiri yake, na dhamiri ilipigana vizuri, ila ilikuwa nyepesi.

"Masikini, tutamtibu," alisema. "Baada ya mzunguko mmoja. Funga mnyororo, mjukuu wangu."