Asife Mtu Kabla ya Juni

Barua ya chuo kikuu ilinifikia mwezi wa Februari, nikiwa katika chumba cha walimu nasahihisha mazoezi ya Kidato cha Pili. Wiki nne Uholanzi, mwezi wa Julai: kozi fupi kuhusu mimea ya porini inayotumiwa kama dawa, na namna ya kuilinda isimalizike. Walikuwa wamenisamehe nusu ya karo. Nusu iliyobaki ningelipa kwa awamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kushika nafasi, na hairudishwi hata ukiugua, hata ukinyimwa viza. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, kisha nikalipa. Ilimeza akiba yangu yote ya mwaka mmoja na nusu wa kuwa mwalimu wa bodi, yule anayelipwa na wazazi pale wazazi wanapoweza.

Kuhusu stetimenti ya benki inayotakiwa kwa viza sikuwa najua lolote. Philemon ndiye aliyenifungua macho. Ana saiba Lurambi, kiduka cha kompyuta na intaneti chenye meza tatu na printa moja, na amejaza fomu za watu wengi wanaosafiri.

"Hawa hawaangalii moyo wako, Jael," alisema. "Wanaangalia akaunti. Laki mbili, zikae miezi mitatu bila kutikisika."

"Laki mbili nitoe wapi?"

"Nani ako nazo? Watu huegesha. Unaomba pesa ya mtu ije ilale kwako, ukishamaliza na viza unamrudishia. Kila mtu hufanyanga hivyo."

Nilirudi nyumbani Iguhu nikiwa nimekwisha kuikata safari ile moyoni. Mama alinisikiliza huku akipepeta maharagwe, mpaka ungo ukabaki safi. Mama yangu, Edah, ndiye mweka hazina wa Tushikane, chama cha matanga cha akina mama thelathini na wawili wa kijijini kwetu. Kila mwezi kila mmoja hutoa mia mbili. Msiba ukiingia kwa mwanachama, hupewa elfu themanini kabla jua halijatua: jeneza, hema, unga, sukari. Kwetu mtu anaweza kuishi na upungufu mwingi, lakini hazikwi ovyo.

"Tushikane ina laki mbili na kitu," Mama alisema hatimaye. "Na tangu mwaka jana hakuna aliyekufa."

Mkutano ulifanyika Jumamosi, sebuleni kwetu. Mama alieleza, nami nikasimama nikaeleza tena. Nilisema tarehe ya mahojiano Nairobi ni mbili Juni, na kwamba mpaka siku hiyo pesa zingelala kwenye akaunti yangu bila kuguswa. Wakatazamana. Kisha Kukhu Nasambu, mkubwa wao, tunayemwita kukhu kwa kuwa ni kama bibi yetu sote, akainua mkono.

"Na mimi mzee wangu je? Ule ako na pumu."

"Mwambie angoje," Mama akajibu.

"Angoje mpaka lini?"

"Asife mtu kabla ya Juni! Iandikwe."

Waliangua kicheko, mmoja akamwagikiwa na chai. Katibu aliandika kweli, nililiona daftari: *Imekubaliwa kwamba asife mtu kabla ya Juni*. Walipiga makofi. Nami nilipiga.

Mume wa Kukhu Nasambu, Mzee Isaiah, hakuwepo kwenye mkutano, lakini alikuwepo katika safari yangu tangu mwanzo. Alifanya kazi miaka mingi Buyangu, kwenye vitalu vya miche vya msituni, na alipostaafu akaanza kupanda mukombero shambani kwake. Mukombero ni mzizi wenye harufu tamu ambao huku watu huutafuna njiani, na wanaume huununua huku wakicheka kwa sababu zao. Wauzaji huuchimba msituni, na ukishaung'oa mzizi, mmea umekufa. Mzee Isaiah ndiye pekee niliyemjua ambaye aliupanda. Alikuwa na mistari sita ya mikombero, imetambaa kwenye miti, mingine ina miaka saba. Insha iliyonipatia nafasi niliiandika kuhusu mistari ile sita.

Tangu siku ya mkutano, kila aliponiona njiani alisimama, akavuta pumzi kwanza, kisha akaniita kwa nguvu.

"Mwalimu! Niko hapa bado. Sijakuharibia!"

"Asante, mzee. Shikilia hapo hapo."

"Nashikilia. Lakini mwambie huyo wa viza afanye haraka. Hiki kifua si cha serikali."

Alifariki Jumatano, tarehe ishirini Mei, alfajiri. Habari ilitufikia tukiwa tunakunywa chai. Mama aliweka kikombe chini, akafunga leso kiunoni, na hakunitazama. Mimi nilihesabu. Ningetamani kuandika kwamba nililia kwanza. Nilihesabu kwanza. Zilibaki siku kumi na tatu.

Tulikwenda matangani. Mvua ilikuwa inanyesha na hakukuwa na hema. Watu walijibanza chini ya paa la jiko na kwenye migomba. Akina mama wa Tushikane walikuwa wamekuja na unga wao wenyewe, kila mmoja na mfuko wake mdogo. Nilisubiri mtu azitaje zile pesa. Kukhu Nasambu alinishika mikono yote miwili, akaniuliza kama nimekula.

Hilo lilinitesa kuliko kama angenitukana.

Tukirudi nyumbani nilimwambia Mama kwamba kesho nitaenda benki.

"Kufanya nini?"

"Mama, unajua kufanya nini."

"Tulikubaliana," alisema kwa ukali. "Hakuna aliyelazimishwa. Jeneza tutakopa kwa fundi, hema tutaomba kanisani. Wewe umelipa pesa ambayo hairudi. Unataka nikuone hapa mpaka uzeeke, ukingoja wazazi walipe?"

"Na Kukhu?"

"Nasambu ni rafiki yangu," alisema. "Usinifundishe Nasambu ni nani."

Alhamisi nilienda mjini, lakini miguu haikunipeleka benki. Ilinipeleka kwa Philemon. Nilimweleza kwamba ofisi ya viza inataka stetimenti isiyozidi siku saba. Nikitoa pesa sasa, yote itaharibika.

"Sasa shida iko wapi?" alisema. "Chapisha leo, pesa ikiwa bado imo. Kesho utoe. Mimi nitabadilisha tarehe. Ni dakika mbili, dada. Tarehe ni namba tu."

Nilimwona akivuta kiti karibu na kompyuta, tayari kunisaidia, uso wake hauna hila yoyote. Na ukweli ni kwamba nilikaa. Nilikaa pale labda robo saa, mkoba magotini, nikijiambia kwamba hakuna atakayeumia. Jeneza litapatikana, nami nitasafiri, nirudi na elimu ya kuwasaidia hao hao. Niligundua kwamba nilikuwa nimejiambia maneno hayo hayo mwezi wa Februari. Tangu siku ile pesa za kuzika watu zilikuwa zikijifanya zangu, nami nikiziita msaada. Nilimwambia Philemon nitarudi kesho asubuhi, nikaondoka.

Kesho yake, kabla ya kwenda mjini, nilipita kwa Kukhu Nasambu kutoa pole tena. Sijui kama nilikuwa nakwenda kuaga au kuomba ruhusa. Kwa mbali nilisikia jembe. Nyuma ya nyumba vijana wawili walikuwa wamesimama kwenye matope mpaka vifundoni, wakichimba. Mikombero ya Mzee Isaiah ilikuwa imelazwa chini kama kamba zilizokatwa. Mistari miwili ilikuwa imekwisha, na wa tatu walikuwa wanauanza. Mizizi ilikuwa imeoshwa, imefungwa mafungu mafungu kwa nyuzi za migomba, tayari kupelekwa barabarani.

Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda, akifunga.

"Kukhu, hii ni nini?"

"Fundi anataka kianzio, ndio apige jeneza," alisema bila kuinua kichwa. "Na mwenye shamba hatafuna tena, mama. Acha tu."

"Mimi ndiye niliye na pesa yako."

"Najua iko wapi. Na wewe una safari." Alifunga fungu, akalivuta kwa meno. "Unajua, alijaribu. Usiku ule pumzi ikimwisha alikuwa ananiuliza, leo ni tarehe ngapi? Nikamwambia ishirini. Akasema, huyo mtoto atanilaumu."

Sikumbuki nilichosema kwa wale vijana, ila nilipiga kelele. Nilimpokonya mmoja jembe. Waliniona mwendawazimu. Kukhu Nasambu aliniangalia, kisha akawaambia, "Ngojeni. Mwacheni aende huko anakoenda."

Saa tano nilikuwa dirishani benki. Nilitoa zote, si elfu themanini tu. Zingepungua kiasi hicho, zilizobaki zisingenifaa, na sikutaka tena kulala juu ya pesa za watu. Nilimkabidhi Mama bahasha, mbele ya Kukhu Nasambu na mbele ya katibu. Mama aliihesabu taratibu. Alipomaliza, alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba peke yake mpaka mvua ikamrudisha ndani.

Mzee Isaiah alizikwa Jumamosi iliyofuata, chini ya hema, kwa ngoma za isukuti na kwa chakula cha kutosha.

Nairobi nilikwenda. Mama alisema nisiende kupoteza nauli, lakini nilikuwa nimekwisha kulipia miadi. Nilipeleka stetimenti kama ilivyokuwa, na barua ya chama yenye muhuri iliyosema zilikuwa pesa za nani na kwa nini zilitoka. Mwanamke wa dirisha la viza aliisoma mpaka mwisho. Aliniuliza, "Kwa hiyo hizi hazikuwa zako wakati wowote?" Nikasema, "Hapana." Akaandika.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Karatasi moja, orodha ya sababu, na alama kwenye ya tatu: fedha hazitoshi. Chuo kikuu kiliandika kwa upole kwamba kinasikitika, kwamba awamu ya kwanza hairudi, na kwamba mwakani naweza kuomba upya.

Nililia kwa siku mbili. Sitajifanya kwamba sikulia.

Mkutano wa Juni ulifanyika tena sebuleni kwetu. Niliwaambia wenyewe, nimesimama pale pale. Walitikisa vichwa, wengine wakasonya, mmoja akawalaani wenye viza mpaka kizazi cha nne. Kisha Mama, akiwa ameinamia daftari lake, akasema kwamba kama chama kinakubali, mwakani pesa ziegeshwe tena, na safari hii mapema.

"Hapana, Mama," nilisema. "Nitaweka zangu. Hata ikichukua miaka mitatu. Sitaki mtu angoje tena."

Kukhu Nasambu alikuwa ameketi karibu na mlango, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Miguuni pake palikuwa na kikapu cha vipande vya shina la mukombero alivyookota kwenye mistari iliyong'olewa. Alikuwa ameniletea niotishe.

"Kwa hivyo," alisema polepole, "tumeruhusiwa kufa?"

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini mdomo ulikuwa unachezacheza.

"Mmeruhusiwa, Kukhu."

"Katibu, andika."

Wakacheka, kwanza mmoja, kisha wote, na Mama akajifunika uso kwa leso asijulikane anacheka au analia. Katibu aliuliza kama kweli aandike. Kukhu Nasambu akamwambia aandike, na tarehe aweke.