Swali la Bi Kizingiti

Wahakiki wa magemu hawakubaliani hata mvua ikiwanyeshea wote, lakini juu ya jiko la Bi Kizingiti walikubaliana. Gemu lake la kwanza walilisifu mpaka wakaishiwa maneno. La pili lilipotoka, wiki moja iliwatosha kulimaliza. Mmoja alisema hadithi yake ni filamu ya tatu iliyotafunwa ikatemwa. Mwingine alisema korido zake ni ndefu na mwisho wake hamna kitu. Kisha wote, kila mtu kwa ulimi wake, wakafika jikoni, wakasimama hapo, wakacheka.

Bi Kizingiti, kwa asiyemjua, ni mzimu wa filamu tatu za kutisha. Hakimbizi mtu wala hashiki kisu. Husimama mlangoni akasema maneno machache kwa sauti ya chini, na ukumbi mzima wa sinema ukang'ang'ania viti. Sauti hiyo ndiyo iliyouza filamu, ndiyo iliyouza gemu la kwanza. Sasa katika gemu la pili, mchezaji akijificha jikoni na kutulia, mara nyingine, si mara zote, mzimu huja nyuma ya mlango akauliza taratibu kabisa: "Umekula?"

Mhakiki mmoja mwanamke, ambaye studio nzima iliyotengeneza gemu ilimwita Msumeno, alilipa gemu hilo alama nne kwa kumi. "Nimekaa na mizimu mingi," aliandika, "lakini huyu ndiye wa kwanza kunijali tumbo. Sikuogopa. Nilitaka kuvua viatu nikae."

Fundi wa sauti wa studio hiyo aliisoma aya hiyo mara tatu, amesimama, chai ikimpolea mkononi. Wenzake walidhani imemchoma. Wapi. Ilimfurahisha mpaka akaona haya. Sauti ile ilikuwa ya mkewe, na mkewe alikuwa na mwaka na miezi miwili kaburini, na sasa mtu baki, asiyewahi hata kumwona, alikuwa amemsikia sawasawa.

Mkewe ndiye aliyekuwa Bi Kizingiti tangu filamu ya kwanza. Maneno ya gemu la pili aliyarekodi akiwa tayari mgonjwa, katika siku zake za mwisho za kuweza kusimama. Yeye ndani ya chumba cha kurekodia, mume nje ya kioo, kama walivyozoea. Baada ya mstari wa arobaini na sita, ambapo mzimu humwahidi mtu kumfukia chini ya sakafu, aliinua macho akamtazama mumewe, akaona midomo ilivyomkauka, akauliza, "Umekula?"

Mume jicho lake lilikuwa kwenye saa, maana kulikuwa na wengine wanangoja chumba. Akabonyeza kitufe cha kuzungumzia, akasema, "Tuendelee na unaofuata." Basi. Miaka ishirini na sita ya ndoa aliulizwa swali hilo kila siku, akalijibu kila siku bila hata kufikiri, na siku hiyo moja akalipita.

Sasa, pale studio kuna utaratibu. Mashine huipa kila sauti namba yake. Sauti inayofaa huachwa na namba tupu. Isiyofaa, kikohozi, kiti kilicholia, mtu aliyejikwaa katikati ya neno, fundi huiandikia mbele ya namba neno "taka", na gemu huiruka. Utaratibu huo aliubuni fundi mwenyewe, miaka kumi na mmoja iliyopita, na kila fundi mpya alifundishwa na yeye, wengine kwa kufokewa.

Alipokaa kusafisha rekodi za mkewe, mwezi mmoja baada ya mazishi, vikohozi aliviandikia taka, kwa shida. Alipofika namba arobaini na saba, vidole vikakataa. Mke wake alikuwa anamuuliza kama amekula, halafu yeye aandike taka? Akasema atairudia kesho. Kesho ikaja na shughuli zake. Gemu likafungwa tayari kuuzwa, arobaini na saba ikaingia na namba yake tupu, ikaenda kukaa jikoni.

Ijumaa bosi alikuja na simu mkononi, akavuta kiti.

"Kaka, wenye filamu wamenipigia. Wamewaka moto. Wanasema miaka yote hii wanatengeneza kitu cha kunyima watu usingizi, sisi tumewageuzia kuwa mama lishe."

"Nimesoma."

"Lile neno kaandika nani? Mwandishi anaapa si yeye."

"Halikuandikwa. Shemeji yako alikuwa ananiuliza mimi."

Bosi akaiweka simu mezani. Alikuwa amekula nyumbani kwa marehemu mara nyingi kuliko alivyokaribishwa, na alilijua swali lile kwa masikio yake mwenyewe.

"Pole," akasema hatimaye. "Lakini Jumatatu mchana toleo lililorekebishwa linatoka, na hilo lisiwemo. Nakala si unayo? Utamsikiliza muda wowote unaotaka."

Nakala alikuwa nayo, tena tatu. Shida ni kwamba nakala lazima uibonyeze. Unabonyeza, anasema. Unabonyeza tena, anasema vilevile, kama kengele ya mlangoni. Ndani ya gemu hakuna wa kumbonyeza. Fundi hurudi nyumbani jioni, huwasha televisheni, humtembeza mchezaji wake hadi jikoni, humsimamisha. Siku nyingine saa nzima hupita kimya, akazima akaenda zake. Siku nyingine mawazo yake yako kwenye bomba linalovuja, na ghafla huyo hapo nyuma ya mlango, amekuja mwenyewe. Hamu yake yote ilikuwa hiyo, kuulizwa bila kuomba. Na Jumatatu angeikata kwa mkono wake.

Binti yake, ambaye ni nesi, hufika kila Jumamosi baada ya zamu. Fundi hakuwahi kumweleza habari za jikoni. Aliogopa kuonekana amechanganyikiwa. Jumamosi hiyo alimweleza. Binti hakucheka. Alivua viatu, akakaa karibu yake, wakaliangalia jiko lile la giza, sufuria zake na mlango wake uliofungwa. Dakika arobaini, kimya.

"Baba, mimi nina njaa. Nimesimama tangu alfajiri."

Wakaacha gemu linaendelea, wakaenda mezani, televisheni ikabaki nyuma yao. Binti alipakua sahani mbili. Walikuwa wanazungumzia lile bomba, sahani zimefika nusu, sauti ilipotokea mgongoni mwao.

"Umekula?"

"Ndiyo nakula, mama," binti akajibu, mdomo umejaa, hata hakugeuka.

Kisha kijiko kikasimama. Akakiweka chini polepole, akajifunika uso kwa kiganja, akalia kama ambavyo hakulia hata siku ya msiba, siku ambayo alikuwa na wageni wa kuhudumia. Baba yake alimshika bega. Alimwonea wivu pia, na hakuuficha.

"Wewe umemjibu," alisema. "Mimi siku ile sikumjibu. Na Jumatatu natakiwa nimwandikie taka."

Binti alifuta pua. "Kwani lazima iwe taka?"

"Ndio utaratibu."

"Kauweka nani?"

"Mimi."

"Na hilo gemu linajua maana ya taka?"

Fundi akafikiri. "Halijui. Linachukua kinachoanza na namba. Kikianza na neno, neno lolote lile, linakiruka."

Binti alimtazama kwa jicho lile analowatazamia wagonjwa waliokunywa dawa ya kupaka. Alivuta sahani yake, akamalizia chakula.

Jumatatu, saa ya chakula, ofisi ilibaki tupu. Fundi alifungua orodha ya sauti, akashuka hadi arobaini na saba. Hakuibonyeza. Aliweka kidole mbele ya namba, akaandika herufi nane: nimekula. Akaisoma yote kwa pamoja, nimekula arobaini na saba. Lilikuwa limebaki jambo moja tu, kuhifadhi na kutuma, na mkono ulikuwa tayari umefika.

Mkono ukarudi. Tangu asubuhi alikuwa na kikombe cha chai tu tumboni, na mwanamke yule hakuwahi kudanganyika juu ya jambo hilo hata siku moja. Fundi akasimama, akavaa koti, akatoka.

Aliporudi, bosi alikuwa amesimama kwenye meza yake, uso umemshuka.

"Watu wanangoja hilo faili, kaka. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula," fundi alisema, akaketi, akatuma.