Dakika Saba za Piano

Nora Nchagwa aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Busawe kwa miaka kumi na tisa, na muda wote huo aliyemfundisha ni Mwalimu Erasto Mogesi, kwa kinanda kidogo ambacho vitufe vyake vitatu vilishakufa. Mwalimu alikuwa akiwasimulia wanakwaya habari za piano halisi ya mbao, isiyohitaji umeme wala spika, ingawa yeye mwenyewe aliwahi kuisikia redioni tu. Kwa hiyo tangazo lilipotoka kwamba Lilian Waitara, binti wa Tarime aliyesomea muziki ng'ambo, angepiga piano katika ukumbi mmoja pale Bomani saa nane mchana, Nora alimchukua Mwalimu, mzee wa miaka sabini na sita mwenye goti bovu, wakafika mapema na kukaa mstari wa tatu.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Piano ilikuwa jukwaani, nyeusi, mfuniko umeinuliwa, na Lilian amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Mshereheshaji, kijana aitwaye Vincent, alieleza kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Kisha akawaomba watu wa mstari wa tatu wahamie nyuma, kwa kuwa msafara wa mgeni ni mkubwa. Mwalimu alihamishwa mara mbili. Mara ya pili Nora alitaka kujibu, Mwalimu akamshika mkono.

Mgeni rasmi aliingia saa kumi na dakika kumi. Meza kuu ikatambulishwa mtu mmoja mmoja, zikafuata hotuba tatu, na hakuna hata moja iliyotaja muziki. Ndipo Lilian akaitwa.

Alianza taratibu sana. Nora alijikuta ameinama mbele. Alisikia besi ikitembea kwenye mkono wa kushoto, juu yake zikaja sauti nyingine, zikipishana bila kugongana, na ile ya pili, sauti yake mwenyewe, ilikuwa katikati, wazi kabisa. Mtu mmoja, kwaya nzima. Mwalimu alikuwa amefumba macho, vidole vikihesabu mapigo juu ya paja.

Dakika saba tu, Vincent akapanda jukwaani na kipaza sauti. Akasema mgeni rasmi ana ratiba nyingine, basi tumpigie makofi binti yetu, apokee cheti, tupige picha. Lilian aliondoa mikono kwenye piano, akaificha nyuma ya gauni. Picha zilichukua robo saa. Magari yakaondoka, na vijana wakaanza kukusanya viti.

Nora aliambiwa ainuke. Hakuinuka.

"Mura," alimwambia Vincent, akimwita kijana kwa Kikurya, "tangazo lenu liliandika piano. Nimesikia hotuba."

Vincent akamjibu kwamba shughuli imekwisha, mgeni rasmi ameshaondoka.

"Sikuja kwa ajili yake. Huyu mzee amengoja tangu mchana, ukamhamisha kama gunia. Hapa sitoki mpaka yule binti amalize alichoanza, au aseme mwenyewe kwamba hataki."

Jenipha, muuza duka wa Nyamongo ambaye alishafika mlangoni, akageuka, akarudi kukaa. Wakarudi na wengine, kama arobaini hivi. Lilian akauliza kama kweli wanataka kusikiliza.

"Mwanangu," alisema Mwalimu Erasto, "anzia mwanzo."

Akaanzia mwanzo, akapiga dakika ishirini na sita. Baada ya pale alipokatizwa, besi ilinyamaza, zile sauti za juu zikabaki zenyewe, zikaanza kushuka moja moja kama zinaitafuta. Mwalimu alilia bila kujifuta. Nora hakulia. Kadiri alivyosikiliza ndivyo hasira ilivyozidi kumpanda, maana sasa alijua walichokuwa karibu kunyang'anywa. Wangerudi Busawe wakidhani piano ndiyo zile dakika saba.

Jumatatu alipeleka barua ya malalamiko ya kurasa mbili kwa waandaaji. Karani alimwambia aiache mapokezi. Nora akakataa, akataka Vincent aitwe, akamsomea yote, neno kwa neno. Vincent alisikiliza hadi mwisho, kisha akakiri kwamba hata yeye hakuisikia ile piano: mara ya kwanza alikuwa nje akihangaika na magari ya msafara, mara ya pili alikuwa nje akipakia viti.

Nora hakumwonea huruma. Alimkabidhi barua, akamtaka asaini kwamba ameipokea.