Kutoka Upande wa Uvira

Mzee Mansour alikataa katakata kwenda chuo kikuu Ijumaa ile ya Juni 2015, siku ambayo binti yake Tasnim angetetea tasnifu yake. Sababu alizotoa zilikuwa nyingi na hazina kichwa wala miguu: mara koti halimtoshi, mara ana zamu kule Uccle kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, mara goti.

"Mi nitafanya nini kule?" alisema. "Ma-professeur watasema, watu watacheka, nami nitacheka nyuma yao bila kujua ni nini."

Tasnim alijua si hilo tu. Tasnifu yake ilihusu Ziwa Tanganyika, jinsi maji yake yanavyozunguka, na baba yake hapendi ziwa lile litajwe. Likitajwa, ghafla anakumbuka sufuria la kusugua jikoni. Waliishi wawili tu huko ughaibuni, katika fleti yao ya Saint-Gilles. Mama yake, Aziza, alifariki Uvira, upande wa Congo, ng'ambo ya ziwa kutoka kwao Bujumbura, walikokimbilia vita vilipozuka, Tasnim akiwa mtoto wa mgongoni. Tasnim hakuachiwa picha hata moja ya mama huyo, wala hadithi. Kuuliza alikuwa ameshaacha, lakini kutaka kujua hakuacha hata siku moja.

Basi Jumapili, baada ya chakula, akaunganisha kompyuta yake na televisheni.

"Kaa papa, kidogo tu. Ukiona mwenyewe, Ijumaa utaelewa."

Alikuwa amejiandaa. Kwenye kompyuta ya maabara alikuwa amelichora ziwa zima, mikondo yake ikionyeshwa kwa mishale midogo, na mtazamaji, yaani jicho ambalo ziwa linaonekana kupitia kwake, akamsimamisha Bujumbura, ufukweni, milima ya Congo ikiwa mbele yake. Kisha akaihifadhi kazi yote, ili programu ikifunguliwa popote irudishe kila kitu kama alivyokiacha. Alitaka kumpa baba yake mji wake, kwa sababu alidhani hicho ndicho mzee anachokosa.

Programu ikafunguka. Rangi zikarudi, mishale ikarudi, milima nayo ikarudi. Mtazamaji ndiye hakurudi mahali pake. Alikuwa amehamishiwa ng'ambo, amesimama Uvira, anatazama Bujumbura.

Tasnim akasonya. Aliijua kasoro ile, ilishamtoa jasho maabarani, akadhani ameshaimaliza. Ikifunguliwa upya, programu husoma kwanza mahali pa kusimama mtazamaji, halafu husoma data, na ikimaliza data huwa imeshasahau ya kwanza. Hapo humrudisha mtazamaji pale inapoanzia yenyewe, yaani Uvira.

"Pardon papa, imegeuka. Naiweka sawa sasa hivi."

"Usiguse!"

Mzee alikuwa ameshasimama. Alivaa miwani, akaisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole.

"Hii ni Buja."

"Ndiyo, papa."

"Donc, basi miye niko Uvira."

Akakaa chini, palepale kwenye zulia, yeye mwenye goti bovu.

"Hapa njo mama yako alikuwa anakaaka," alisema. "Akimaliza kufua, anakubeba mugongoni, anakuonyesha: ona kule, kule ni Buyenzi, kule ni kwetu. Siku tulikimbia, aliacha maharagi ku moto. Bon, kila akitazama ng'ambo anasema, Mansour, maharagi yangu sasa imeungua! Halafu anacheka. Nawe, mutoto hata meno hauna, unacheka naye."

Maswali yalimjaa Tasnim, likatoka moja tu.

"Alikuwa anachekaka sana?"

"Sana! Mpaka majirani wanakasirika."

Mzee akacheka kumwigiza mkewe, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Tasnim akashuka kwenye kiti, akakaa naye zuliani, akamwegemea begani. Wakaangalia Bujumbura kwa pamoja, chai ikipoa mezani.

Baadaye mzee akajifuta uso kwa kiganja.

"Hiyo vendredi, hiyo Ijumaa yako, ni saa ngapi?"

"Dix heures, papa. Saa nne asubuhi."

"Nitavaa lile koti."

"Si ulisema halikutoshi?"

"Linanitosha nikivuta tumbo." Akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Lakini waonyeshe kutoka upande huu. Ui-sauver vizuri, isipotee."

"Haina haja, papa. Hata nikiipeleka Buja, nikifunga na kufungua tena, inarudiaka Uvira yenyewe. Njo ugonjwa yake."

Mzee Mansour hakuondoa macho kwenye ziwa.

"Hata miye," akasema.