Jiwe la Gibson

“Mama Danson, kwani jiwe nalo huumwa?”

Jirani yangu Tryphena aliniuliza hivyo jioni moja, aliponiona natoka Kaloleni na jiwe mkononi kwenda zahanati. Nilicheka tu. Siku hizo foleni yetu ilikuwa mawe. Unaliweka lako barazani jioni, na asubuhi dresa, yule mtabibu wa zahanati, anaita wagonjwa kwa kufuata mawe yalivyopangwa. Zamani ilikuwa kusukumana, na mwenye ndugu ndani ndiye anaingia kwanza. Mawe yalipoanza, nilisimama kanisani kumshukuru Mungu.

Asubuhi yake nilikuwa wa tatu, na kidonda changu cha mguu. Mawe mawili ya mbele yalikuwa ya Gibson mwenye duka, makubwa, yamepakwa chokaa ili yasichanganywe na ya wengine. Mwenyewe hakuwapo. Alikuwa dukani anauza sukari.

Kabla mlango haujafunguliwa akafika Ndulu, mama Mkamba wa kwenye shamba la katani. Alikuwa ametembea gizani na mtoto mgongoni. Nilimfunua yule mtoto, Katuku, bado wa kunyonya. Kila akivuta pumzi mbavu zilizama ndani.

“Jiwe lako liko wapi?” Josephat, aliyekuwa nyuma yangu, akamwuliza.

“Jiwe la nini? Nimeleta mtoto.”

“Basi okota moja hapo njiani, uliweke mkiani.”

Dresa Zephaniah akafungua mlango. “Jiwe la kwanza!”

Hakuna aliyeinuka.

“Ni la Gibson,” nikasema. “Hajafika. Bwana Dresa, mwangalie huyu mtoto kwanza. Mpe nafasi yangu.”

“Nafasi yako ni ya tatu, mama. Bado mawili. Nikiruka jiwe leo, kesho mtasema Zephaniah anapendelea watu.”

“Na wewe ukimpa yako, urudi nyuma yetu sote!” Josephat akadakia. “Hapa hatugawi nafasi kama maandazi.”

“Nitarudi. Nani amekataa?”

Dresa akaingia ndani, akajimiminia chai. Tukaketi pale tukiyangoja mawe, watu wazima wenye akili zetu, na jua likapanda. Katuku akaacha kulia. Mmoja akasema, “Afadhali, amepata usingizi.” Mimi nimezika mume na watoto wawili. Usingizi naujua.

Nilimwomba Mungu anizuie mdomo. Hakunizuia. Nikaliinua jiwe la kwanza la Gibson, nikaingia nalo, nikaliweka mezani kando ya kikombe, chai ikamwagika.

“Huyu hapa mgonjwa wako wa kwanza,” nikasema. “Mpime homa. Mdunge sindano. Si ndiye uliyekuwa unamngoja?”

“Mama Danson, wewe ni mtu wa kanisa…”

“Kanisa liache! Mchukue huyo mtoto!”

Ndulu alikuwa tayari mlangoni. Zephaniah akampokea Katuku, akamlaza, akamwekea sikio kifuani. Akahama upande wa pili, akasikiliza tena. Aliposimama hakututazama.

“Umechelewa, mama,” akasema.

“Amechelewa?” Sauti yangu ilifika barabarani. “Amekukuta umefunga mlango! Amekungoja ukinywa chai! Nani kachelewa hapa, Zephaniah? Sema tena, watu wa nje wasikie!”

Akageukia ukuta. Josephat naye nje alikuwa ameinamisha kichwa.

Wakati huo huo Gibson akaingia, amevaa kofia yake, anahema, na bintiye mwenye mafua nyuma yake.

“Nani ameondoa jiwe langu? Mimi ni wa kwanza!”

Ndulu alimfunga mwanawe kwenye leso, akamfunika mpaka usoni, akamweka begani. Kisha kwa mkono mmoja akalivuta lile jiwe kutoka mezani, akalikandamiza kifuani pa Gibson mpaka akalishika, chokaa ikabaki kwenye shati lake. Akapita katikati yetu, akavuka mawe yote pale barazani, akaenda zake.